Sura ya Tisa: Kishindo cha Ubeti wa Pili

Ubaya wa kumpenda mtangazaji wa redio ni huu: ukikasirika naye huwezi kumkimbia. Unatoka kwenye karakana yako, unamkuta kwa kinyozi. Unampita kinyozi, unamkuta kwa muuza simu, anacheka na watu asiowajua, kwa sauti ileile aliyokwambia nayo jana kwamba anakupenda.

Mchana ule nilikuwa bado sijakasirika. Nilikuwa nimeingiza kichwa na mabega ndani ya sanduku la spika, napaka gundi kwenye pembe, redio ikiwa juu ya meza ya kazi. Kipindi chake ni kile cha maswali ya muziki. Watu wanapiga simu, anawauliza vituko vya bendi na nyimbo, mwenye jibu anapewa fulana. Bendi gani ilirekodi ngoma zake bafuni kwa sababu chumba kilikuwa kidogo? Mpuliza tarumbeta gani aling'oka jino la mbele, tarumbeta ikawa na kithembe, na kithembe hicho ndicho kikampa umaarufu? Kwa nini wapiga gitaa fulani walivaa kiatu cheupe mguu wa kushoto tu? Rangi iliwaishia, wakasema ni mtindo.

Na kila jibu likitoka, fundi mitambo wao anabonyeza kitufe, kinatoka kicheko cha umati. Umati wenyewe haupo. Ni kicheko kilichorekodiwa zamani, cha watu ambao huenda wengine wamekwisha kufa. Jibu liwe lolote, kicheko kinafuata. Ni amri ya meneja, na amri za wakubwa unazijua: hazina masikio.

Mteja wangu, mwenye ukumbi wa sherehe, alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri spika zake.

"Swali la mwisho kabla ya taarifa ya habari," alisema mpenzi wangu redioni. "Wimbo wa 'Rudisha Ufunguo.' Baada ya ubeti wa pili kuna kishindo. Kishindo kile ni cha nini?"

Nilitoa kichwa kwenye sanduku.

Nani asiyekijua kishindo kile? Kwenye kila sherehe wimbo huo ukipigwa, watu wanakingojea. Bwana harusi, bibi harusi, mashangazi wenye magoti mabovu, wote wanainua mguu mmoja, halafu puu! Sakafu inatikisika, watu wanashangilia.

"Ni ngoma kubwa," alisema wa kwanza kwenye simu.

"Sivyo."

"Spika iliwaangukia," alisema wa pili.

"Umekaribia! Kuna kilichoanguka, lakini si spika. Haya, muda umetuishia, jibu nawapa mwenyewe. Ni mwimbaji wao, yule dada mwenye sauti nzito. Alianguka chini katikati ya kurekodi, na mkanda haukusimamishwa!"

Kitufe kikabonyezwa. Watu wakacheka, wakacheka, wakacheka, mpaka muziki wa habari ukawafunika.

Mwenye ukumbi alijipiga paja. "Alianguka kama gunia! Miaka yote tunakanyaga, kumbe ni mtu! Fundi, wewe umetengeneza spika za bendi ile. Ulikuwa unalijua hilo?"

"Yule alikuwa mke wangu," nilisema.

Kicheko kilimkatikia kooni. "Fundi... mimi sikujua."

"Ungejuaje? Umeambiwa ni kichekesho, umecheka. Spika zako njoo kesho."

Hakuwa amefika hata barabarani, akaingia shemeji. Dada mkubwa wa marehemu ana duka la kushonea nguo upande wa pili wa barabara, na aliivuka barabara ile bila kutazama magari, futi ya kupimia ikiwa shingoni, pini mdomoni. Alizitema pini kiganjani moja moja.

"Shemeji, siku uliyokuja kuniomba nimkubali huyo mwanamke wako, nilikuuliza nini?"

"Shemeji, hata mimi ndiyo kwanza nasikia."

"Nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama ana kifua."

"Nikakwambia, anayelipwa kwa kusema hana pa kuficha neno. Ukaniapia. Ukasema huyu ni tofauti. Haya, tofauti yako hiyo! Mdogo wangu ameanguka leo mara ya pili, na safari hii amepigiwa makofi."

"Nilimwambia yeye peke yake. Nilimwambia nikiwa nalia."

"Basi machozi yako yamekuwa swali la fulana." Alizikusanya pini. "Keshokutwa nilikuwa nipokee wazazi wa huyo mwanamke wako nyumbani kwangu. Nimeshona mapazia mapya. Mapazia yatabaki. Wageni, hapana."

Nilivua aproni. "Nakwenda kumwona."

"Tunakwenda," alisema shemeji.

Njiani shemeji alitangulia, mimi nyuma. Kichwani nilikuwa naona chumba kile cha kurekodia. Siku ile nilikuwepo, nje ya kioo, nimeleta spika. Chumba kimekodiwa kwa saa. Mke wangu alikuwa analalamika kifua tangu asubuhi. Kiongozi wa bendi akamwambia, "Imba, utapumzika baadaye." Ubeti wa pili ulipoisha alikwenda chini mzima mzima kwenye mbao. Kiongozi hakusimamisha. Alizungusha kidole hewani: endeleeni, endeleeni. Wakaendelea. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, nikaugonga kwa ngumi mpaka wimbo ukaisha, na yeye amelala pale chini, miguuni pa watu wanaopiga gitaa. Kule hospitali, mkuu wao alimpa vidonge akamrudisha nyumbani. Moyo. Hakumaliza mwaka. Kiongozi akanunua gari.

Kwenye mapokezi ya kituo cha redio kuna maua ya plastiki na picha ya meneja akipokea kikombe. Spika ndogo darini inarusha kinachotoka hewani. Walikuwa bado kwenye habari. Upande mmoja kuna kioo kirefu, unawaona watangazaji kama samaki.

Aliniona kabla sijamwita. Alivua vile visikilizio vya masikioni akatoka, na hatua zake zilionyesha anajua.

"Umesikiliza," alisema.

"Mji mzima umesikiliza."

Alimgeukia shemeji, akainama kidogo. "Shikamoo, dada."

Shemeji alitazama maua ya plastiki. Shikamoo ile ilibaki hewani kama mkono usiopokelewa.

"Nilikuwa niseme yote," alianza. "Nilitaka niseme alikuwa mgonjwa, niseme walivyomwacha chini. Watu wamjue, wasiendelee kumkanyaga bila kujua. Sasa kitufe kikabonyezwa, na habari zikaingia..."

"Kitufe si kinabonyezwa kila siku? Leo ulidhani kimekwenda likizo?"

"Nilisahau."

"Ulisahau!"

"Nimekisikia kicheko kile kila siku mpaka sikisikii tena. Wallahi, kilipotoka ndipo nikakumbuka kipo." Macho yake yalijaa maji lakini hayakumwagika. Ana macho ya namna hiyo, yanayojizuia. Siku nyingine yangeniyeyusha.

"Na nani alikutuma uyaseme?"

"Hukuniambia nisiyaseme."

"Mtu akikuvulia shati akuonyeshe kidonda, mpaka akwambie usitie chumvi?"

"Mimi sikutia chumvi! Na wewe mwenyewe uliniambia marehemu alicheka. Uliniambia alikuwa kitandani, wimbo ukapigwa redioni, akacheka, akasema, 'Sikia, mume wangu, hata kuanguka nimeanguka kwa mdundo.'"

"Yeye alikuwa na haki ya kucheka. Nyinyi hamna."

Shemeji aligeuka taratibu. "Alisema hivyo?"

Niliinua macho kwenye spika ya darini.

"Shemeji, nakuuliza. Mdogo wangu alisema hivyo? Alicheka?"

"Alicheka," nilisema.

"Na mimi dada yake hukuniambia. Miaka yote nalala nikimwona anakufa kwa uchungu, kumbe alicheka, na mtu wa kwanza kuambiwa ni huyu."

Nilinusurika kwa sababu mlango wa ndani ulifunguka, likatoka tumbo, nyuma yake akatoka meneja, ameshika simu mbili.

"Ndiye huyu mume wa mwimbaji?" Alinipa mkono, nikautazama tu. "Mzee wangu, swali lako limevunja rekodi! Simu hazishikiki. Wiki ijayo tunakutaka hapa uje uhadithie mwenyewe alivyodondoka."

"Uhadithiwe na mama yako," nilisema.

Hakukasirika. Watu wa namna ile hawakasiriki, wanasubiri. "Naelewa. Lakini watu wanataka kucheka. Misiba wanayo nyumbani kwao, hawafungulii redio kuongezewa." Akamgeukia mpenzi wangu. "Habari zikiisha tunaendelea nacho hichohicho. Unapiga wimbo, halafu wanaopiga simu waige kile kishindo kwa mdomo. Atakayedondoka vizuri zaidi, fulana."

"Hilo sitafanya, bosi."

"Utafanya. Usipofanya wewe atafanya mwenzako, na keshokutwa utakuwa unatangaza samaki sokoni bila kipaza sauti."

Akarudi ndani kwake. Kupitia kioo, taa nyekundu ilianza kuwaka na kuzimika. Habari zilikuwa zinakwisha. Mpenzi wangu alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, namna mtu anavyotazama kama ngazi itamshika kabla hajaipanda.

"Na wewe useme kitu," aliniambia.

"Niseme nini? Wakubwa zako hao. Wakubwa ni walewale, wa bendi, wa hospitali, wa redio. Sisi ni wa kukanyagwa."

"Hilo ndilo neno lako. Wakubwa, wakubwa. Yule kiongozi wa bendi unamlaani ukiamka, unamlaani ukilala. Spika zake mpya mwezi uliopita zimetengenezwa na nani?"

Damu ilinipanda. "Kazi ni kazi."

"Kumbe! Na hii ni kazi yangu," alisema, akaingia ndani, mlango ukajifunga.

Shemeji alijishika kiuno. "Amekuweza."

"Shemeji, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Amekuweza."

Muziki wa habari uliisha. Niliufuata mlango nikiwa na nia ya kuondoka, na mguu wangu mmoja ulikuwa nje tayari, sauti yake iliposhuka kutoka darini.

"Wasikilizaji, kabla ya habari niliwapa jibu nusu. Nawaomba radhi, naomba nilimalize." Alivuta pumzi, pumzi yenyewe ilisikika. "Yule dada hakujikwaa. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na alisema, na hakusikilizwa. Alianguka, na aliyekuwa na amri akazungusha kidole bendi iendelee. Kile mnachokisikia baada ya pale, ubeti wa tatu wote, na kiitikio, na gitaa mnalolipenda, yeye yuko chini. Hakumaliza mwaka. Nimetakiwa niwaombe muige kishindo chake kwa midomo yenu, mshinde fulana. Mimi siwezi. Nawapigia wimbo. Tukifika pale, kila mtu afanye moyo wake unavyomwambia."

Nilitazama kwenye kioo. Fundi mitambo alikuwa ameiweka mikono yake miwili juu ya kichwa, mbali na vitufe vyote, kama mtu aliyekamatwa.

Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza. Sauti ya mke wangu ilijaa mapokezi yale, nzito, imelala kidogo, kama mtu anayekufungulia mlango alfajiri bila kukugombeza. Ubeti wa pili. Dada wa mapokezi aliacha kuandika. Shemeji alifumba macho. Kikaja kishindo, kikapita. Hakuna aliyeinua mguu.

Mlango wa meneja uligonga ukuta. Tuliyaona mengine kwenye kioo bila kuyasikia: mikono ya meneja inaruka, mpenzi wangu anaitikia kwa kichwa, anachukua mkoba, anachukua kikombe chake cha chai, anarudi kuchukua sweta. Alipotoka alikuwa amekikumbatia kikombe kifuani.

Shemeji alisimama mbele yake. Nilidhani anataka kumpiga.

"Marahaba," alisema shemeji. "Marahaba, mdogo wangu." Akamvuta akamkumbatia, na futi ya kupimia ikawazunguka wote wawili. "Keshokutwa walete wazazi wako. Mapazia yapo."

Mpenzi wangu aliitikia kwa kichwa, akajitoa taratibu, akatoka nje. Nikamfuata, moyo mwepesi kama pamba. Niliona mambo yamekwisha. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimebaki.

Anatembea upesi akiwa na hasira. Nilimpata mbele ya duka la vioo, tukawa wengi, mimi na yeye na sura zetu ndani ya vioo.

"Nakushukuru," nilimwambia nikihema. "Kwa niaba ya marehemu. Ungejua jinsi ambavyo angefurahi..."

"Simama hapo hapo."

Nilisimama.

"Nimefukuzwa kazi sasa hivi. Kazi niliyoipenda, niliyoanza kwa kuwapikia wengine chai. Na neno la kwanza unaloniambia ni kwamba marehemu angefurahi."

"Nilikuwa na maana kwamba..."

"Sikufanya kwa ajili yako. Nilifanya kwa ajili yake, kwa sababu nilimkosea yeye. Wewe bado sijajua nikufanyie nini." Aliweka kikombe juu ya ukuta mfupi wa duka. "Mimi ni mtu wa maswali. Nakuuliza matatu. La kwanza: marehemu alipenda kuimba akiwa amevaa viatu gani?"

"Hakuvaa. Aliimba pekupeku. Alisema viatu vinamzibia..."

"Umepata. La pili: baba yangu anafanya kazi gani?"

Gari lilipita. Likapita jingine.

"Baba yako," nilisema. "Si mwalimu?"

"Dereva wa trekta. Nimekwambia mara mbili. Mara zote mbili ulidakia ukanisimulia gari la bendi lilivyozama matopeni, marehemu akawa anaimba juu ya paa. Keshokutwa ungemwamkia ukamwita mwalimu." Aliinua kidevu, akagusa kovu dogo lililo chini yake, jeupe, lenye umbo la ukucha. "La tatu. Hili nililipataje?"

Kovu lile nilikuwa nimelibusu. Ningeweza kulichonga kwenye ubao nimefumba macho, lilivyopinda, lilivyo laini. Lakini lilitoka wapi? Sikuwahi kuuliza. Kila nilipolibusu nilikuwa na hadithi nyingine mdomoni.

"Sijui," nilisema.

"Umefeli, Fundi." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Nimepewa nafasi ndani ya nyumba yenye mtu tayari. Sikumwonea wivu, nilimpenda pamoja na wewe. Lakini mimi nimekuwa redio yako. Unanifungulia ili usikie ule wimbo mmoja. Keshokutwa wazazi wangu hawaji."

"Hawaji vipi? Shemeji si amekubali?"

"Shemeji amekubali. Mimi ndiye sijakubali."

Alichukua kikombe chake. Kinywa changu kilikuwa kimejaa maneno, na yote nilikuwa nayajua: meneja, kiongozi wa bendi, mkuu wa hospitali, dunia na wenye dunia. Yalikuwa yamepanga foleni kwenye ulimi. Kama ningelitoa hata moja angekata kona ya duka lile, na mimi ningerudi kwenye karakana kumsubiri hewani, na hewani asingekuwepo.

"Hilo kovu," nilisema, "ulilipataje?"

"Muda wako umekwisha."

"Najua. Nauliza tu."

Alinitazama, amenuna vilevile, mdomo umebana, sweta imening'inia begani. Alitazama upande wa barabara aliotaka kwenda. Kisha akakiweka kikombe tena juu ya ukuta, kwa nguvu kiasi kwamba nilidhani kimepasuka.

"Nilikuwa na miaka saba," alisema kwa hasira. "Baba alinipandisha kwenye trekta bila mama kujua. Na usinikatize."

Sikumkatiza. Alisimulia tukiwa tumesimama juani, watu wakitupita huku na huku, kuhusu shamba la watu wengine, na breki, na mama yake alivyokuja mbio na khanga moja. Alipofika kwenye khanga ile nilikumbuka jambo la marehemu, jambo zuri, linalofanana kabisa na hilo. Niliung'ata ulimi mpaka ukauma, nikamwambia, "Enhe, halafu?"